Mfupa Ulioota Kisiginoni

Shangazi yangu aliposhuka bandarini Malindi, Unguja, kutoka Pemba, mkoba wa nguo alimpa mchukuzi, lakini bahasha moja kubwa ya kaki alikataa katakata kuiachia. Hakunambia kilichomo mpaka tulipofika nyumbani. Alikunywa maji, akaswali adhuhuri yake juu ya kiti, jambo ambalo sikupata kumwona akilifanya, kisha akaifungua. Ilikuwa eksirei ya mguu wa kulia. Akaiegemeza dirishani ili mwanga wa nje upite, na ukucha wake ukagusa sehemu moja chini ya kisigino.

"Waiona hii? Nimeota mfupa, mwanangu. Mwiba mzima. Ndio unaonichoma kila nikikanyaga."

Ulikuwepo kweli. Chini ya mfupa wa kisigino, ukielekea vidoleni, palichomoza kitu chembamba mfano wa ndoana ya kuvulia changu. Mtu akishakiona kitu kama hicho kwa macho yake, nani tena wa kumshawishi kwamba maumivu yanatoka kwingine? Alikuwa amekwisha kujiandaa kukatwa. Pesa za upasuaji alianza kuziweka zamani, pesa za mwani wa misimu miwili.

Nikaanza kumweleza, na maelezo yakachukua siku tatu. Haya hapa, nikiwa nimeyapunguza ubishi.

Kivuli, birika na ukuta

Vitabuni kitu hiki huitwa osteofaiti. Mitaani utasikia mfupa umeota, mwiba, msumari, na wengine husema mifupa imesagika, ambalo ni jambo jingine ingawa mara nyingi huandamana nalo. Jina la mwiba ndilo linalotutia hofu, na hofu yenyewe imetokana na picha. Eksirei ni kivuli. Simamisha sahani kwa ubavu mbele ya taa, ukutani utaona mstari mwembamba, wala hutodhani kuwa ni chombo cha kulia wali. Ule mwiba wa kisigino ndivyo ulivyo: kwa ubavu ni ncha, lakini ukiutazama kwa mbele ni ukingo mpana uliojitokeza katika upana wa kisigino, kama rafu iliyochomoza ukutani. Kichwa chake ni butu. Haukuumbwa kuchoma.

Shangazi alikuwa na imani nyingine iliyomkaa zaidi ya hiyo ya mwiba, nayo ni ya birika. Kwao Micheweni, kama ilivyo mashariki ya Unguja, ardhi ni mawe ya matumbawe, na maji ya kisima huyeyusha chokaa njiani. Ukiyachemsha kila siku, birika hufanya ukoko mweupe ambao hata kwa kisu hauondoki. Basi yeye akapiga hesabu: maji haya nimeyanywa miaka sitini, na maziwa juu yake, na dagaa wazima na mifupa yao, ukoko ule si ndio huu ulioganda kisiginoni? Akaacha maziwa. Dagaa akaacha. Miezi minne.

Hesabu hiyo ina mantiki, ndiyo maana wengi wanaikubali, ila mwili haufanyi kazi kama birika. Kiasi cha kalsiamu katika damu hulindwa kwa ukali mkubwa: kikizidi, figo huitoa kwenye mkojo, kikipungua, tezi ndogo nne zilizopo shingoni huamuru mifupa iachie kidogo. Na huo unaoitwa mwiba si ukoko hata kidogo. Ni mfupa hai. Una mishipa ya damu, na ukishakomaa una uboho ndani yake. Ule wa pembezoni mwa kiungo hata kofia ya gegedu huwa nayo, lile tabaka jeupe laini unaloliona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Kilichojengwa na seli hakiyeyushwi kwa kuacha maziwa. Mwanamke aliyepita umri wa hedhi akiacha maziwa na dagaa, kinachodhoofika ni mifupa yake mingine yote, na siku atakapoteleza kwenye ngazi, nyonga itavunjika huku mwiba ukiwa palepale, haujapungua hata nywele.

(Kwa wenye kupenda kubisha: yapo maji yanayoweza kuharibu mifupa. Arusha na maeneo mengine ya Bonde la Ufa kuna visima vyenye floridi nyingi mno, na mtu akiyanywa kwa miaka mingi, kano zake hukakamaa na mifupa huota kingo. Lakini ni floridi hiyo, ile inayotia meno rangi ya kahawia, na chokaa ya birika haimo katika shauri hilo.)

Sasa kwa nini mwili uote mfupa ambao haukuombwa? Pita Mji Mkongwe, Kiponda au Malindi, utaziona nyumba za mawe na chokaa ambazo kuta zake zimeanza kutoa tumbo. Fundi hufanyaje? Hujenga egemeo nje ya ukuta, pana chini, jembamba juu, ili uzito uliokuwa ukisukuma ukuta upate pa kushukia. Anayepita akaona egemeo lile hasemi kwamba ndilo lililoinamisha nyumba. Ukuta uliinama kwanza.

Kiungo nacho hufanya hivyo. Ncha za mifupa zimevikwa gegedu, nalo gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likichakaa au kuchanika hujirekebisha kwa shida sana. Likipungua, kiungo hulegea, mfupa mmoja ukateleza kidogo juu ya mwenziwe pale ambapo zamani ulikaa sawasawa. Kwenye ukingo, pale utando wa mfupa unapokutana na gegedu, kuna seli changa zinazousikia mtikisiko huo pamoja na kemikali za ukuaji zinazomwagwa na kiungo kilichochokozeka. Huanza kujenga: kwanza gegedu, kisha gegedu lile hugeuka mfupa, kwa utaratibu uleule ambao mtoto tumboni hujengewa mifupa yake ya mikono na miguu. Ukingo hupanuka, uzito husambaa katika eneo kubwa zaidi, na kiungo hupunguza kuyumba. Egemeo limekwisha kusimama.

Aina ya pili haihusiani na gegedu. Hii huota pale ambapo kano au utando mgumu umejishikiza kwenye mfupa na unavutwa mwaka nenda mwaka rudi: nyuma ya kisigino, juu ya kilegesambwa, begani, na chini ya kisigino kama kwa shangazi.

Taabu huja pale egemeo linapojengwa ndani ya uchochoro. Penye uwanja mpana halimzuii mtu. Penye njia ya kupita punda mmoja, hata shubiri moja ni nyingi. Katika mwili vichochoro hivyo ni vichache na vinajulikana: matundu ambamo neva hutokea uti wa mgongo, mfereji wa uti wenyewe, na pembe chache za viungo. Kwa hiyo swali la kumwuliza daktari anayekuonyesha picha si "ni mkubwa kiasi gani?" Muulize umegusa nini. Na jingine muhimu kuliko hilo: ukuta huu uliinamishwa na nini?

Kisigino

Kisigino nitakaa nacho, kwa kuwa ndicho kinacholeta watu wengi wenye bahasha za kaki.

Chama cha madaktari bingwa wa mifupa wa Marekani kimekuwa kikiwaeleza wagonjwa hesabu hii: katika watu 10, mmoja ana mwiba wa kisigino, na katika watu 20 wenye mwiba, anayeumwa mguu ni mmoja. Irudie tena taratibu. Kumi na tisa waliobaki wanatembea sokoni Darajani, wanacheza ngoma, wanapanda mikarafuu, na mwiba wanao, ila hawajui kwa sababu hakuna aliyewapiga picha.

Kinachouma kwa walio wengi ni ule utando mgumu wa unyayo, mfano wa mkanda, unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole na kuushikilia upinde wa mguu. Unapochoka huwa na vichaniko vidogo vidogo pale unapoanzia. Mwiba, ukiupasua na kuutazama vizuri, mara nyingi haumo hata ndani ya mkanda huo. Umo kwenye tabaka la msuli lililo juu yake. Wanakaa nyumba moja, vyumba mbalimbali.

Dalili ya mkanda ina saa yake. Muulize mwenye kisigino, atakwambia: ni hatua ya kwanza ya alfajiri, unapotoka kitandani kwenda kutia udhu. Usiku mguu hulala umenyooka kama wa mcheza dansi, mkanda unajikunja na kuanza kujishona ukiwa mfupi. Ukisimama ghafla, uzito wote unauvuta, na ule mshono wa usiku mzima unafumuka. Baada ya hatua kumi au ishirini hupoa. Ukikaa barazani saa nzima kisha ukasimama, hurudi. Mwiba ungekuwa ndio msumari wa kuchoma, ungechoma hatua ya mia kama ulivyochoma ya kwanza.

Nikamwuliza shangazi siku yake ilivyo. Kilimo cha mwani kiliingia visiwani mwishoni mwa miaka ya 1980, naye amekifanya karibu umri wote wa watoto wake. Bamvua ikifika hushuka pwani maji yakitoka, akiwa na champali zilizolika upande mmoja, au peku kabisa. Saa tatu, nne, ameinama anafunga vishada kwenye kamba. Kisha hupanda na polo la mwani uliotota kichwani juu ya mawe. Nyumbani ni sakafu ya saruji, peku tena. Na mwili umeongezeka tangu alipoanza kuumwa sukari, yaani ugonjwa, si ile ya chai. Huo ndio ukuta ulioinama. Upasuaji ungekata ukingo, kisha angerudi kwenye champali zilezile.

Tiba yake haina fahari, na ndiyo maana watu huidharau. Kabla mguu haujagusa sakafu asubuhi, kaa kitandani, pitisha kanga chini ya vidole, shika ncha zake mbili, uvute mguu uje kwako goti likiwa limenyooka. Hesabu hadi thelathini, achia, rudia mara tatu. Kanga ya zamani ni bora kuliko mpya, haitelezi. Jioni simama kwenye ngazi ya baraza, vidole juu ya ngazi na visigino hewani, shikilia ukuta, uvishushe visigino polepole mpaka mashavu ya miguu yavutike. Chupa ya maji iliyoganda ivingirishe chini ya unyayo dakika kadhaa (mwenye sukari na ganzi za miguu asifanye hili, maana ataungua na baridi bila kuhisi). Viatu viwe na soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo, na vivaliwe hata ndani. Champali iliyolika itupwe, tafadhali, isihamishiwe chooni. Wengi hupona kwa njia hii, lakini huchukua miezi, wengine karibu mwaka, na hapo ndipo subira ya watu huishia.

Ipo sindano ya kisiginoni ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Hutuliza, mara nyingine haraka sana, lakini nafuu yake huwa ya wiki au miezi michache, na ikirudiwarudiwa inaweza kuukata mkanda wenyewe au kuyeyusha lile godoro la mafuta tulilopewa chini ya kisigino. Godoro lile halinunuliki.

Goti na mswala

Goti linaloota kingo lina desturi zake. Huwa gumu asubuhi kwa muda usiozidi nusu saa hivi, hulia kama mlango wenye kutu, na hukataa kukunjwa mpaka mwisho. Kwa mtu wa kwetu hilo la mwisho ndilo zito, kwani maisha yetu yako chini: mkeka, mbuzi ya kukunia nazi, choo cha kuchutama, na kikao cha tahiyatu. Shangazi aliona aibu ya kuswali kitini kuliko alivyoona uchungu wa kisigino. Kila akijaribu kukaa chini, uzito humwangukia mguu mbovu na goti la upande wa pili. Wepesi huo wa kuswali kitini dini imeuweka, na mambo yake yana wenyewe wa kuyafafanua. Mimi namwambia jambo la kiungo tu: kiti kikusaidie palipokushinda, lakini goti lisilokunjwa kabisa siku nzima hukauka zaidi. Likunje na kulinyoosha ukiwa umekaa, mara nyingi, bila kulilazimisha.

Mwaka 1957 madaktari wawili wa Uingereza, Kellgren na Lawrence, walitengeneza kipimo cha kusomea eksirei za viungo, kuanzia 0 hadi 4, na mpaka leo kinatumika. Kingo za mfupa zikionekana bila shaka, picha huhesabiwa daraja la 2. Kipimo kizuri, lakini kilipima picha. Wapo wenye daraja la 4 wanaopanda ngazi za nyumba za Mji Mkongwe wakiwa na ndoo, na wapo wa daraja la 1 wasiolala usiku. Msuli wa mbele ya paja, uzito, usingizi, wasiwasi, yote hayo huchangia maumivu, na hakuna hata kimoja kinachoonekana kwenye filamu.

Uzito uwekewe namba maana watu huuona kama matusi. Kwa wenye magoti yaliyochakaa, kila kilo moja wanayoipunguza hulipunguzia goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua. Kilo tano basi ni ishirini, mara hatua elfu kadhaa za siku. Na msuli: kaa kwenye kiti, mikono kifuani, simama bila kujisukuma, kaa tena polepole. Mara kumi, asubuhi na jioni. Nimeona wazee wakianza na mbili.

Mgongo, shingo na wengineo

Kuna mzee wa Wete ambaye majirani walimwona mvivu. Akipanda baiskeli hutoka shambani hadi mjini na gunia la karafuu nyuma, vilima na mabonde. Lakini akitoka msikitini kwa miguu, nyumbani si mbali, hupumzika kwenye baraza tatu za watu. Miguu humjaa uzito na ganzi, akikaa dakika mbili akainama mbele, huondoka. "Mbona baiskeli aiweza?" walisema.

Aiweza kwa sababu kwenye baiskeli ameinama. Pingili za kiuno zikiota kingo, na kano za ndani zikanenepa, na diski zikatuna, mfereji wa neva hubanwa. Ukisimama wima mfereji huo huzidi kuwa mwembamba. Ukiinama mbele hufunguka. Ndiyo maana wagonjwa wa aina hii hupenda kuegemea mkokoteni, hupanda mlima kwa nafuu kuliko kushuka, na hulala wamejikunja. Tofauti yake na mishipa ya damu ya miguu iliyoziba, ugonjwa wa wavutaji sigara na wenye sukari, ni hii: mwenye mishipa iliyoziba husimama tu wima na maumivu hukoma, na baiskeli humtesa vilevile. Maelezo ya mgonjwa hapo yana thamani kuliko picha, kwa kuwa baada ya miaka sitini karibu kila mgongo una kingo zake.

Shingoni kingo zikibana neva moja, mkono mmoja huwaka au kufa ganzi hadi vidoleni. Zikibana uti wenyewe, dalili huja kimyakimya bila maumivu makubwa: vifungo vya kanzu vinashindikana, sarafu zinaponyoka wakati wa kuhesabu, mwendo unakuwa wa mtu aliyetoka chomboni leo. Hiyo si ya kusubiri wala ya kuchuliwa. Na anayetaka kuikung'uta shingo ya mzee kwa nguvu ili "iachie", azuiwe mkono.

Pingili za kifuani zina ajabu yao. Huko kingo hupenda kuota upande wa kulia. Kushoto umelala mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, aota, ukipiga mchana na usiku, na inaaminika kwamba mapigo hayo ndiyo yanayozuia ujenzi upande ule. Kwa watu wachache waliozaliwa na viungo vya ndani vimegeuka, moyo kulia, kingo zimeonekana kushoto. Katika ugonjwa uliofafanuliwa mwaka 1950 na madaktari Forestier na Rotés-Querol, kingo hizo huungana zikashuka mbele ya mgongo mfano wa nta ya mshumaa. Huwapata zaidi wanaume wazee, wanene, wenye sukari. Zikiwa shingoni na kubwa sana, tonge la ugali hukwama.

Vidole sina mengi. Vile vinundu vigumu kwenye vifundo vya mwisho, ambavyo bibi zetu husema vimetokana na kufua, ni kingo hizi hizi, na Heberden, tabibu wa London wa karne ya 18, alivieleza akasema si jongo. Hurithiwa sana. Baada ya muda huacha kuuma, hubaki umbo.

Chupa za kabatini

Shangazi alikuja pia na mfuko wa dawa. Mafuta ya karafuu yalikuwemo, yatakosaje. Karafuu ina eugenoli, ambayo hutia ganzi kidogo na kupasha joto, na mkono unaochua nao hutuliza, kwa hiyo nafuu anayoisikia si ya kubuni. Ayachanganye na mafuta ya nazi, maana yakiwa matupu huunguza ngozi. Kufika kwenye mfupa hayafiki. Siki alikuwa akiloweka mguu, kwa sababu ganda la yai ukililoweka kwenye siki hulainika. Hulainika kweli, lakini yai halina ngozi, mafuta na damu inayozunguka. Hijama alipigwa mara mbili. Akasema alilala vizuri. Mimi niliuliza tu kama wembe ulikuwa mpya.

Kilichonitisha kilikuwa kidogo kuliko vyote: karatasi ya vidonge vya maumivu, diklofenaki, viwili kwa siku, tangu kabla ya Ramadhani, vya kununua tu dukani. Vidonge hivi si vibaya kwa siku chache. Kwa miezi mingi huweza kutoboa tumbo, kuchosha figo na kupandisha presha, na mwenye sukari na presha kama yeye ndiye asiyepaswa kuvizoea. Tulipompima, presha ilikuwa juu kuliko alivyoniambia. Jihadhari pia na unga wa "mitishamba" unaomaliza maumivu usiku mmoja. Katika nchi mbalimbali dawa za namna hiyo zimepimwa zikakutwa zimetiwa steroidi. Mgonjwa hunawiri uso ukajaa, huku sukari ikipanda na mifupa ikilika.

Yapo mambo ambayo hayangojei kanga wala chupa ya barafu. Mguu kuishiwa nguvu ghafla. Ganzi ya sehemu za siri na makalio, sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli. Mkojo kugoma kutoka au kutoka bila hiari. Hayo ni ya hospitali siku ileile, hata usiku. Aliye Pemba aende Abdalla Mzee, Mkoani, au iliyo karibu zaidi, wao watajua la kumvusha. Na maumivu ya mgongo yenye homa za jioni, kukonda na jasho la usiku yachunguzwe kifua kikuu, kwani nacho hushuka mgongoni. Kwa mwanamme mzee, maumivu ya mfupa yasiyotulia hata akilala yaweza kuwa saratani ya tezi dume iliyosafiri. Ni hatari kumfungia mtu huyo jalada kwa sababu tu picha imeonyesha miiba. Miiba angekuwa nayo vyovyote.

Upasuaji una mahali pake: neva inayobanwa na nguvu zinapungua, kipande kilichokatika kikaelea na kulikwamisha goti, au kiungo kilichokwisha kabisa. Mnazi Mmoja kuna taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo iliyojengwa kwa msaada wa madaktari wa Uhispania, na kubadilisha goti au nyonga hufanywa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Kisigino ni nadra sana kufika huko. Wakikata, mara nyingi husaidia kwa kuulegeza mkanda, na mfupa wenyewe huweza kuota tena.

Shangazi alirudi Micheweni na viatu vya soli nene ambavyo alivichukia, na kanga moja kuukuu yangu. Mwezi wa tano alinipigia. Kisigino kimepoa, anaswali chini, ila kuna kitu kinamkera: alikwenda kupiga picha nyingine ili auone mwiba ulivyokwisha, na mwiba upo, urefu uleule, kama ndoana. Je, zile pesa za upasuaji azipeleke?

Nikamwambia anunue viatu vya pili vya kubadilisha. Akasema amekwisha nunua, na zilizobaki kazitia kwenye kamba mpya za mwani.